Kiingereza cha urahisi na hiari: sentensi inapokwama, kagua hapa

Makosa mengi ya eneo hili huanza kabla mtu hajafungua mdomo. Ana neno moja la Kiswahili kichwani, iwe "rahisi", "tayari" au "hiari", naye anasaka neno moja la Kiingereza la kulipachika pale pale. Kiingereza kimeyakata maneno hayo vipande vipande na kila kipande kimepewa kazi yake. Ndiyo maana sentensi inaweza kuwa na sarufi safi kabisa na bado ikasema jambo ambalo hukulikusudia.

Kabla ya kushika kamusi, jiulize: ni kizuizi gani ambacho hakikuwepo? Kama ni ugumu wa kazi yenyewe, uko upande wa "easily", "smoothly", "effortlessly" na "with ease". Kama ni kusita kwa mtu, uko upande wa "willingly", "gladly" na "happily". "She easily lifted the box" inasema sanduku halikumshinda. "She willingly lifted the box" inasema hakubembelezwa, na sanduku lenyewe huenda lilikuwa zito ajabu. "Readily" ndilo lenye mguu huku na mguu kule: "readily available" ni kitu kisichosumbua kukipata, na "he readily admitted it" ni mtu aliyekiri bila kusita. Kinachounganisha matumizi hayo mawili ni kutokuchelewa.

Ukishajua uko upande gani, tafuta dalili yako hapa chini.

Umesema "I am easy to forget" na msikilizaji ameanza kukufariji

Ulitaka kusema wewe ni mwepesi wa kusahau. Umesema wewe ni mtu wa kusahaulika. Chanzo ni muundo wa "easy to": kinachotajwa mwanzoni mwa sentensi ndicho kinachotendewa, hakitendi. "This lock is easy to open" maana yake kufuli hili linafunguka bila taabu; kufuli halifungui chochote. Kwa mtu ni vivyo hivyo. "She is easy to please" ni mtu anayeridhishwa na vitu vidogo.

Kipimo chake ni cha sekunde chache. Igeuze sentensi ianze na "It is easy to" na upeleke kiima mwishoni: "It is easy to forget me." Kama hicho sicho ulichokusudia, "easy to" haikufai. Tumia kitenzi chenyewe na "easily" nyuma yake: "I forget things easily", "I get cold easily", "He gets angry easily". Pale ambapo Kiswahili kinasema "mwepesi wa", Kiingereza mara nyingi kina "quick to": "quick to forgive", "quick to judge", "quick to take offence". Neno "light" halifanyi kazi hiyo hata kidogo.

Muundo huu una hitilafu ya pili, na inawapata hata walioshinda ile ya kwanza: "This book is easy to read it." Hiyo "it" ya mwisho inaletwa na Kiswahili, maana sisi husema "kitabu hiki ni rahisi kukisoma" na kile "-ki-" ni yambwa, yaani kinachotendewa. Kiingereza kimeshakitaja kitabu mwanzoni na hakikirudii. Futa "it". Lakini kihusishi cha mwisho, kama "to" au "on", usikifute: "He is easy to talk to", "The chair is easy to sit on", "The bag is easy to live without". Kikidondoka, sentensi imevunjika.

Tahadhari moja ambayo vitabu vya shule huiruka. Ukimwambia mtu, hasa mwanamke, "You are easy", umemtukana. Neno likiachwa peke yake linamaanisha mtu asiye na msimamo katika mahusiano ya kimwili. Mtu asiye na makuu ni "easygoing". Mtu anayefikika ni "approachable" au "easy to get along with". Kwa upande mwingine, Mwingereza akiulizwa anataka chai au kahawa akajibu "I'm easy", anasema tu kwamba chochote sawa kwake.

Mwalimu amekata "I can easy find it"

"Easy" hueleza nomino, "easily" hueleza kitenzi. Katika tahajia, y inageuka i kabla ya -ly: easily, readily, happily, voluntarily. "Easyly" haipo. Herufi s katika "easily" hutamkwa z, na "ea" ya "readily" ni fupi kama ile ya "red", si ndefu kama ile ya "reading".

Kinachochanganya watu ni kwamba "easy" hukaa kama kielezi kwenye misemo michache iliyoganda: "take it easy", "go easy on him", "go easy on the salt", "rest easy", "breathe easy", "easier said than done". Ikariri hiyo kama ilivyo na usiitumie kuthibitishia kwamba "easy" inaweza kuwekwa popote. Katika kulinganisha, maandishi rasmi yanataka "more easily". "Easier" husikika sana katika maongezi, lakini kwenye insha au ripoti itawekewa alama nyekundu.

Tatizo la mahali pa kukaa linasumbua zaidi kuliko umbo. Kiingereza hakipendi kielezi kati ya kitenzi na yambwa yake, kwa hiyo "I solved easily the problem" inakwaruza sikio. Weka kabla ya kitenzi, "I easily solved the problem", au mwisho kabisa, "I solved the problem easily". "Readily" hupenda kukaa kabla ya kitenzi: "they readily accepted". "Happily" inabadilika maana ikihamia mwanzoni. "He happily signed the letter" inasema alitia saini kwa furaha. "Happily, he signed the letter" inasema ni bahati njema kwamba alitia saini, na yeye mwenyewe huenda alikuwa amenuna.

"Is broken easily", "is opened easily": sentensi nzito isiyoeleweka vizuri

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa asioutumia. Tuna kauli ya kutendeka: vunjika, funguka, someka, pitika. Kiingereza hakina kiambishi cha hivyo, lakini kina njia yake: kinachukua kitenzi kile kile cha kawaida, kinakipa kitu kama kiima, kisha kinakitegemeza kwa kielezi. "This glass breaks easily." "The lid opens easily." "This cloth tears easily." "The shirt washes well." Kwa hiyo, kila unaposikia -ika au -eka kichwani mwako, jaribu kwanza kitenzi kitupu na "easily" kabla ya kukimbilia "is" na umbo la kutendwa.

Shida ya "is broken easily" ni kwamba "is broken" kwa kawaida husomwa kama hali: kimeshavunjika. Ukitaka umbo la kutendwa kwa sababu mtendaji ana uzito katika habari, sogeza kielezi katikati: "is easily broken", "is easily fooled by flattery", "is easily mistaken for salt".

Katika maandishi ya kisayansi, "readily" huchukua nafasi hiyo: "Salt dissolves readily in water", "Sodium reacts readily with water". Hapa "readily" haina habari ya radhi. Inasema tukio halihitaji kusukumwa kwa joto kali wala kungojewa muda mrefu. Ukiona mfasiri ameandika kwamba chumvi huyeyuka "kwa hiari", ujue ameshika ile maana nyingine.

Neno "tayari" limekupeleka kusiko

Hili ndilo lenye madhara makubwa, kwa sababu linaingia kwenye mikataba, bei na ahadi. "Tayari" ya Kiswahili inabeba mambo matatu ambayo Kiingereza hakiyachanganyi.

La kwanza ni maandalizi yaliyokamilika: "ready". Ukimwambia mhudumu "I'm ready to pay", anaelewa pesa iko mkononi. La pili ni ridhaa: "willing". "I'm willing to pay 50 dollars" ni kauli ya mapatano, inayosema kiasi gani utakikubali, na pesa zenyewe huenda bado hazipo. La tatu ni jambo lililokwisha kutokea: "already". Ndiyo inayozaa "I am already" pale mtu anapotaka kusema yuko tayari kuondoka. Kwa msikilizaji, hiyo ni sentensi iliyokatika. Anasubiri asikie tayari umefanya nini. Sahihi ni "I'm ready".

Wanasheria na madalali wa nyumba wa Kiingereza wana msemo mmoja unaoweka mpaka huo wazi: "ready, willing and able". Mnunuzi wa namna hiyo amejiandaa, anataka, na ana uwezo wa kifedha. Maneno hayo matatu hayarudii jambo moja, na mtu anaweza kuwa na mawili bila la tatu.

Kisha kuna "prepared". Katika sentensi chanya, "I'm prepared to wait" inakaribia "willing", yenye ugumu kidogo wa sauti. Katika ukanusho ndipo watu wanaumia. Barua inayosema "We are not prepared to discuss the price" haisemi kwamba hawajajiandaa na kwamba urudi wiki ijayo. Inasema hawatajadili, basi. Anayetaka kusema hajajiandaa aandike "I haven't prepared for the meeting" au "I'm not ready yet".

Barua ya kazi imeandikwa vizuri lakini inasikika baridi

Angalia kama umeandika "I am willing to work for your company". "Willing" husema hakuna pingamizi. Haisemi kuna hamu. Msomaji anaisikia kama vile unamfanyia hisani. Ngazi ya utayari katika Kiingereza inapanda hivi: "I don't mind" ni kutokuwa na kinyongo, "I'm willing to" ni kukubali jambo likihitajika, "I'm happy to" au "glad to" ni kukubali kwa moyo mweupe, "I'm keen to" na "I'm eager to" ni kulitamani jambo lenyewe. Waingereza hutumia sana "keen". Wamarekani huelekea zaidi "eager".

Kazi unayoiomba inastahili ngazi ya juu: "I am eager to join your team", au kwa upole zaidi, "I would welcome the opportunity to". Liache "willing" libebe mizigo ya kazi hiyo, maana ndipo linapong'aa: "willing to travel", "willing to relocate", "willing to work nights". Hapo unamwambia mwajiri kwamba unajua ni usumbufu na umeukubali.

Kwa sarufi, baada ya "willing" huja "to" na kitenzi kitupu. "Willing to helping" na "willing of help" zote ni mbovu. Anayetenda akiwa mtu mwingine, pitisha "for": "I'm willing for my name to be used." "Be happy to" hufuata njia hiyo hiyo, na katika majibu ya kiofisi maana yake ni "nitafanya" tu. Anayekuandikia "I'd be happy to send the file" hasimulii hisia zake.

Kuna na "will" yenyewe. Wanafunzi hufundishwa kwamba "will" haiji baada ya "if", na kwa sharti la kawaida ni kweli: "If it rains", si "If it will rain". Lakini "If you will wait here, I'll call the manager" ni sahihi, na ni ya adabu, kwa sababu "will" hapo inabeba ridhaa: ukiwa radhi kusubiri. Usiikate ukiikuta.

Umejibu "Yes" na mlango umebaki wazi

Mtu anauliza, "Would you mind closing the door?" Unajibu "Yes" kwa nia njema kabisa. Umekataa. Kitenzi "mind" hapa maana yake kuona vibaya, kwa hiyo swali ni: utaona vibaya ukifunga mlango? Anayekubali hujibu "No, not at all" au "Of course not". Uso kwa uso kosa hilo hujirekebisha, kwa sababu unainuka na kuufunga mlango; wenye Kiingereza chao pia husema "Sure" huku wakitenda. Kwenye simu au ujumbe hakuna kitendo cha kukuokoa. Njia salama ni kuliacha lile neno la kukubali au kukana na kutaja tendo: "I'll do it now."

Baada ya "mind" huja umbo la -ing, hivyo ni "I don't mind waiting", wala si "I don't mind to wait". Ukiomba ruhusa ya kutenda wewe, "Do you mind if I open the window?" inachukua wakati uliopo, na "Would you mind if I opened the window?" inachukua umbo la wakati uliopita japo tendo halijafanyika.

Mzizi wa tatizo hili unafika hata kwenye maswali ya ukanusho. Kwa Kiswahili, "Hutaki kuja?" hujibiwa "Ndiyo", yaani ndivyo, sitaki. Kiingereza hujibu ukweli wa jambo, hakijibu umbo la swali. "Don't you want to come?" ikijibiwa "Yes", umesema unataka. Usibaki na neno moja; ongeza kitenzi kisaidizi ili pasiwe na mahali pa kuteleza: "No, I don't" au "Yes, I do".

Kwa upande wa kukataa, Kiswahili na Kiingereza vinapatana vizuri. Sisi husema gari limekataa kuwaka. Wao husema "The car won't start". Mlango umegoma kufunguka ni "The door won't open", na kwa wakati uliopita "The door wouldn't open". Anayeandika "The car can't start" hajakosea sana, ila msomaji atatafuta sababu ya nje inayolizuia gari. "Won't" ndiyo ya hitilafu.

"Kwa hiari" imekuwa "wilfully"

Hapa lipo kosa linaloweza kumgeuza shahidi kuwa mshitakiwa. "Wilfully" linafanana na "willingly" kwa sura, lakini maana yake ni kwa makusudi mabaya, huku mtu akijua anakosea. Ni neno la mashitaka: "He wilfully damaged the fence." Anayeandika "I wilfully gave my statement" amejipaka tope bure. Waingereza huliandika kwa l moja katikati, "wilful", Wamarekani kwa mbili, "willful". Maana ni ile ile, na kwa mtoto humaanisha mkaidi.

"Willingly" na "voluntarily" nazo zigawe hivi. "Voluntarily" hutazama kama kulikuwa na amri. "Willingly" hutazama moyo. "She willingly pays her taxes": sheria inamlazimisha, lakini hana kinyongo. "He resigned voluntarily": hakuna aliyemfukuza, na kama aliondoka akilia, sentensi haisemi. Maandishi ya polisi, ya hospitali na ya ajira hutaka "voluntarily", kwa sababu huko kinachotafutwa ni kama kulikuwa na shuruti. Kazi ya kujitolea ni "voluntary work", na mtu hufanya "as a volunteer". "I work voluntary" ni kivumishi kilichokaa mahali pa kielezi. Tena kuna matumizi mazuri ambayo wengi hawayajui: "He volunteered the information" ni mtu aliyesema jambo bila kuulizwa.

Jambo lililofanyika bila kuambiwa ni "of his own accord". Kihusishi ni "of". "On his own accord" utaikuta, lakini ni kosa. Msemo huu unakubali hata vitu: "The door opened of its own accord." "Willingly" haikubali vitu, labda katika ushairi.

Kinyume chake nacho kina ngazi. Aliyekubali shingo upande amekubali "reluctantly". "Grudgingly" ni shingo upande yenye wivu au chuki ndani yake, na hukaa vizuri na kusifu au kukiri: "He grudgingly admitted she was right." Aliyeburutwa ametendewa "against his will". "Involuntarily" katika lugha ya kila siku ni jambo jingine: ni mwili unaotenda wenyewe, kama kupepesa kope au kushtuka; ni katika sheria na hospitali ndipo humaanisha pia bila ridhaa. Ukiandika nje ya huko kwamba mtu alitia saini "involuntarily", msomaji anaweza kuona mkono unaoandika bila mwenyewe kujua.

"Freely" lina mtego wake. "Children under five travel free" ni bila nauli. "Children travel freely" ni kwamba hakuna anayewazuia. Kwa hiyo programu unayoipata bure ni "free", "for free" kwa lugha ya kawaida, na "free of charge" kwa rasmi. Katika maelezo ya huduma ya kwanza, "bleeding freely" ni damu inayotoka kwa wingi. Anayelisoma kwa wepesi atadhani hali ni nafuu.

Jambo baya linalotokea kirahisi limeandikwa na "easy to"

"This area is easy to flood" inakwama kwa sababu ile ile ya mwanzoni: inasikika kama maelekezo kwa mtu anayetaka kulifurisha eneo hilo. Kwa maafa, kasoro na magonjwa, Kiingereza kina familia nyingine. "Prone to" hubeba mabaya yanayojirudia na huchukua nomino au kitenzi: "prone to flooding", "prone to headaches", "prone to exaggerate". Inaungana pia na nomino kwa kistari: "flood-prone", "accident-prone", "error-prone". "Prone to success" haiandikwi. "Liable to" huchukua kitenzi na huonya: "The shelf is liable to collapse." Ikibadilika kuwa "liable for", imeingia sheria, maana yake ni kuwajibika kulipa. "Susceptible to" ni kwa ugonjwa, baridi, hata maneno matamu. "Apt to" ni tabia, nzuri au mbaya. Ukiwa na shaka, "tends to" haina upande wala hatari na itakuvusha.

Maneno yanayojifanya ni urahisi

"Simply" kwa kawaida maana yake ni "tu". "Simply press the button" haikuahidi wepesi wowote; inasema hakuna hatua nyingine. Ukitaka urahisi, andika "easily". "Hardly" si kinyume cha "easily". Maana yake ni karibu na hapana. "I can hardly see" ni kwamba sioni vizuri. Kinyume cha kweli ni "with difficulty", na neno "difficultly" liache.

"Could easily" katika usomaji huwapoteza wengi. "This could easily take three hours" haisemi kazi ni nyepesi. Inasema usishangae ikila saa tatu. "He could easily have died" ni mtu aliyeponea chupuchupu. Na "easily the best" ni bora bila ubishi. Halafu "manage to" ina jasho ndani yake: "I managed to find the house" inaonyesha ulihangaika. Kama uliiona mara moja, sema "I found the house easily".

Katika misemo, "without a hitch" ni shughuli iliyokwenda bila dosari, na "hands down" ni kushinda kwa mbali. Huu wa pili ulitoka kwenye mbio za farasi za karne ya 19, mpanda farasi alipoweza kushusha mikono kabla ya kufika mwisho. "At the drop of a hat" usiitafsiri kuwa kwa urahisi tu. Mara nyingi ina lawama ya kufanya jambo papo hapo bila sababu ya maana: "He loses his temper at the drop of a hat." Waingereza husema "plain sailing", Wamarekani "smooth sailing".

Sentensi imejaa "easily" na bado haijasema kitu

Mara nyingi dawa ni kuliondoa kabisa, kwa sababu Kiingereza kina maneno ambayo urahisi umeshapikwa ndani yake. Kinachooza haraka ni "perishable". Kimiminika kinachogeuka mvuke haraka ni "volatile". Metali inayofulika bila kupasuka ni "malleable", na inayovutika kuwa waya ni "ductile". Mtu anayedanganyika ni "gullible". Mwandiko unaosomeka kwa macho ni "legible", wakati kitabu kinachosomeka bila kuchosha ni "readable"; mwandiko mbaya kabisa unaweza kubeba hadithi iliyo "readable".

"Fragile" na "brittle" zote ni za kuvunjika, ila si sawa. "Fragile" ni onyo la kushika kwa uangalifu, ndiyo maana linabandikwa kwenye vifurushi. "Brittle" ni tabia ya kitu chenyewe: hakipindi kwanza, kinakatika ghafla, kama kucha kavu au plastiki iliyokaa juani miaka. Plastiki hiyo ikiwa bomba nene, hakuna atakayeiita "fragile", lakini ni "brittle".

Na kuna moja ambalo kulikosea ni hatari kwa mwili. "Inflammable" si kisichoshika moto. Ile "in-" mwanzoni haikanushi. Ni ya kuwasha, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. "Flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja: kinashika moto upesi. Kisichoshika moto ni "non-flammable". Kwa sababu ya mkanganyiko huo, alama za usalama siku hizi hutumia "flammable", ila makopo na vitabu vya zamani bado vina umbo lile jingine. Wewe unapoandika onyo, andika "flammable". Unapokuta "inflammable" kwenye kopo, weka mbali na jiko.